Vikombe Vitatu

Mwaka 1885, huko Lima, Daniel Carrión, mwanafunzi wa utabibu, alijidunga maradhi aliyotaka kuyachungua, nayo yakamwua. Wanafunzi wa zama zetu, alhamdulillahi, wana hekima zaidi, kwani adungwaye sasa ni mzee wa kijiji cha Korbesa, tena kwa maswali tu. Humjia na dodoso lililotungwa kwa Kiingereza, likafasiriwa kwa Kiswahili, kisha likasemwa kwa Kiborana na kijana aliyeahidiwa soda, wakitaka kujua anywa vikombe vingapi vya maziwa mabichi kwa siku; na mzee, ambaye tangu azaliwe hajapima maziwa kwa kikombe, asipende mgeni arudi mikono mitupu, hujibu, “Vitatu, mwanangu.” Basi hivyo vitatu vya adabu husafiri hadi Nairobi, vikaota nukta na desimali mbili, vikaangazwa ukutani mbele ya maprofesa, ikabainika kwa makofi kuwa maziwa mabichi huleta homa, jambo ambalo tabibu Themistocles Zammit alilipata kwa mbuzi wa Malta mwaka 1905. Utafiti zaidi, yasemekana, wahitajika. Kijana bado aidai soda yake.