Injini Iliyonyimwa Mbweu

Fahari ya vijana wa mji wetu wa Mombasa katika mambo ya magari aghalabu imo katika kile kinachoingia: petroli nyingi zaidi, hewa nyingi zaidi, kabureta mbili pahali pa moja, na mngurumo ambao sharti usikike Kisauni hali mwenye gari angali Buxton. Juu ya kile kinachopaswa kutoka hapana aulizaye, wala fundi hapati sifa kwa kukitaja. Na madhali dhiki zote nitakazozisimulia zilizaliwa na mghafala huo, naona ni haki niutaje kabla sijamlaumu mtu yeyote.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, alinunua Datsun 160J kuukuu kwa ajili ya nasaba yake, kwani ni magari ya ukoo huo aliyoyaendesha Shekhar Mehta akashinda Safari Rally mara nne mfululizo, tangu 1979 hata 1982, na kijana yule aliuhesabu ushindi huo kuwa ni mirathi iliyomwangukia pamoja na funguo za gari. Injini, yenye sentimita za ujazo 1595 na umri wa kutosha kustaafu, ilikuwa ikienda vizuri. Walakini kwenda vizuri si sifa machoni pa mwenye ghururi. Fundi mmoja wa jua kali akamshawishi atie kemshafti ya mashindano, naye akaitia, kwa fedha ambazo mama yake alidhani zimelipiwa kodi ya nyumba.

Kemshafti ya kawaida huifungua na kuifunga milango ya injini kwa adabu: wa kutolea moshi ukikaribia kufungwa, wa kuingizia hewa ndipo huanza kufunguka. Hii ya mashindano huiacha yote miwili wazi kwa pamoja kitambo kirefu, jambo lenye manufaa makubwa injini ikiwa katika mbio za juu. Lakini inapokuwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, moshi hurejea ulikotoka na mvuto wa hewa katika manifoldi hudhoofika. Injini yenye siha, ikiwa sailensa, huvuta baina ya inchi 17 na 21 za zebaki. Ya mpwa wangu ilipofungwa geji, mshale ulitetemeka kandokando ya 9, na fundi akautazama kwa bashasha ya mzazi aliyeletewa matokeo ya mtihani, akasema, "Umeisikia inavyonguruma?"

Ilinguruma kweli. Ila katika kila injini, iwe mpya au kongwe, sehemu ya gesi ya mlipuko hupenya pembeni mwa ringi za pistoni ikateremka katika tumbo la krenki, ikifuatana na mvuke wa maji na wa petroli. Na isipopewa njia hujaa humo kwa shinikizo, mfano wa mgeni aliyeshindiliwa pilau na aila ya bi harusi, kisha akaketishwa mbele ya mashekhe akawa anazuia mbweu kwa ajili ya staha: kutoka itatoka, ila mahali pa kutokea hapachagui yeye. Zamani magari yalipewa bomba lililoning'inia chini, upepo wa mwendo ukaufyonza ukungu huo na kuumwaga barabarani, na gari liliposimama ufyonzaji nao ulisimama. Uchafu huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoiharibu hewa ya California, hata magari mapya yaliyouzwa huko, kuanzia modeli za 1961, yakafungwa vali ndogo ya kuurejesha ukungu katika manifoldi ili uchomwe upya badala ya kupewa wapita njia.

Ndani ya vali hiyo, ambayo yaweza kufumbatwa kiganjani, mna springi na kijiti. Mvuto ukiwa mkali kijiti huvutwa kikaibana njia. Ukipungua, springi hukisukuma na njia ikapanuka. Hesabu yote hiyo ilipigwa na wenye maarifa kwa ajili ya injini yenye mvuto kamili. Kwa mvuto wa 9, kijiti hakikujua kisimame wapi: kikawa kinagongagonga ndani ya nyumba yake, kikiingiza hewa ambayo kabureta haina habari nayo, na gari likawa linazimika penye kila taa nyekundu, mbele ya hadhara ya tuktuk zilizopiga honi bila huruma.

Fundi akatoa hukumu kwamba mwizi ni vali. Akaing'oa, akaliziba tundu lake kwa bolti. Na kwa kuwa mpira wa kupumulia utokao kava ya tapeti kwenda chujio la hewa ulikuwa umekwisha kulilowesha chujio hilo kwa oili, akauziba nao kwa bolti, asibakishe upenyo hata wa sindano. Injini ikatulia, fundi akalipwa, akaombewa na dua.

Siku ya Ijumaa iliyofuata nilialikwa nikahini, nikaketi kiti cha mbele na kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi hata mikunjo ikawa yaweza kukata embe. Hatukufika mbali kabla ya harufu ya oili inayoungua kuingia garini, ikafuatwa na moshi wa kibuluu kutoka chini ya dashibodi. Mpwa wangu akasema ni joto la mchana. Tulipowasili, mwenye shughuli alitoka mbio na ndoo ya maji, akidhani tunaungua. Boneti ilipofunguliwa tuliona kijiti cha kupimia oili kimeruka katika mrija wake, kimelala juu ya betri. Shinikizo lilikuwa limekitema, na oili ikafuata nyuma yake ikapaka kila kitu. Nikainama ili nitazame vema. Juu yangu, kwenye bati la boneti, matone meusi yalikuwa yamejipanga safu, kila moja likijaza tumbo lake taratibu kabla ya kuachia, na la kwanza lilitua begani pangu kwa utulivu wa mtu aliyefika kwao. Picha za harusi ile zipo. Katika zote nimesimama upande.

Msiba wa pili ulitupata Likoni, kwenye mteremko wa kuingilia feri. Busta ya breki nayo huishi kwa mvuto uleule wa manifoldi, na katika foleni ile ya kusogea na kusimama mpwa wangu aliutumia wote uliokuwa umebaki.

"Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "pedali imekataa."

"Ikanyage kwa miguu yote miwili."

"Ndivyo nifanyavyo."

Nikaanza shahada, nikaimaliza, nikaianza tena kwa tahadhari. Tulisimama shibiri moja nyuma ya mkokoteni wa madafu, ambao mwenyewe hakugeuka, akabaki na furaha yake.

Faraja ililetwa na mzee mmoja wa Changamwe, aliyemaliza ujana wake katika injini za meli. Hakutaka kuusikia mngurumo. Alizitazama bolti mbili za fundi, akauliza, "Kijana, kiingiacho umekiongeza. Kitokacho umekipangia wapi?" Kisha akazing'oa, akapitisha mipira miwili minene, mmoja kutoka kava ya tapeti na mmoja kutoka ubavuni mwa bloku, ikaingia katika dumu la plastiki lenye kichungi juu na stilwuli ndani, ili matone ya oili yanase na hewa itoke kwa shinikizo lake yenyewe, pasipo kuomba msaada kwa mvuto uliokwisha kudhoofika. Kwa upande wa breki alifunga tangi dogo lenye vali ya njia moja, la kuwekea akiba ya ombwe. Nayo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuona mtu akitozwa fedha kwa kutunziwa kitu kisichokuwapo.

Hivi sasa, mpwa wangu afunguapo boneti mbele ya wenzake, ile kemshafti iliyomfilisi imefichika chini ya kava wala hapana aionaye. Kionekanacho ni dumu. Wakimwuliza la nini, huwajibu kwa taadhima kwamba kanuni za mashindano ya kimataifa zaamuru injini isiyozidi sentimita za ujazo 2000, ambayo pumuo lake liko wazi, iwe na chombo cha kukingia oili kisichopungua lita 2, na kilichomo kionekane kwa nje. Hayo ni kweli tupu, na vijana huondoka wakitikisa vichwa kwa heshima. Asilowaambia ni kwamba dumu hilo lilikuwa la mafuta ya kupikia, na kwamba mke wangu, ambaye stilwuli nayo ilikuwa yake, bado anavidai vyote viwili.