Namna ya Kuitwa Fundi wa Vitufe, Kutoka Homa Bay Hadi Isebania

Omera, unataka kusimama mbele ya watu na ule ubao wa vitufe vinavyowaka taa, waseme kijana huyu kasomea ng'ambo. Ni haki yako. Kazi yenyewe unaimaliza nyumbani, chai ikiwa bado ya moto, na hakuna atakayeiona. Fuata hatua hizi.

1. Jua unachobeba. Ubao huo unaitwa monome. Ya kwanza, ile 40h, ilitoka Marekani mwaka 2006 mikononi mwa Brian Crabtree na Kelli Cain: vitufe 64, nane kwa nane, bila maandishi wala sauti. Ubao hauimbi. Ukibonyeza kitufe, unatuma ujumbe kwa programu iliyo kwenye laptopu, na programu ndiyo inayocheza. Usimwambie mtu.

2. Upe jina. Kila ujumbe hutanguliwa na jina, na hapa ndipo wengi huumbukia jukwaani. Wewe unaijua pakruok, ile desturi ya Wajaluo ya kujisifu katikati ya muziki. Mtu hamkatizi mpiga nyatiti, kinubi chao, kienyeji tu: anainuka, anatoa pesa, anajitaja ni nani, mwana wa nani, wa wapi, ndipo anasema lake. Ujumbe wa ubao huenda vivyo hivyo. Ukiuita /ohangla, kitufe cha kona ya juu kushoto kikibonyezwa kitatuma /ohangla/grid/key 0 0 1. Ukikiachia, ile 1 inakuwa 0. Programu inayosubiri /ohangla itaitika. Inayosubiri /monome itanyamaza, nawe utabonyeza mpaka kidole kiume huku wageni wakikutazama.

Njia ya mkato ni hii: chagua jina moja, liandike kwenye kila programu uliyonayo, usiliguse tena. Herufi ndogo, bila nafasi, alama ya mkwaju mwanzoni. Kila wimbo na jina lake? Acha. Jina la mchumba? Acha kabisa, maana wachumba hubadilika.

3. Sakinisha serialosc, programu inayounganisha ubao na programu zako nyingine. Unaiweka mara moja na inajifanyia kazi kimyakimya. Programu huiuliza kupitia poti 12002 ni ubao gani umechomekwa, nayo hutaja poti ya ubao huo. Kwenye poti hiyo unatuma /sys/prefix pamoja na jina lako, kisha /sys/port pamoja na namba ya poti ya programu yako. Ubao hutuma kwa poti moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo programu mbili zikiugombania, funga moja.

Kati ya yote haya, kariri /sys/info. Ujumbe wa /sys hauhitaji jina mbele yake, kwa hiyo hata ukisahau uliuitaje ubao wako, huo utakurudishia jina, poti na ukubwa. Ukijua huo mmoja, hata wenye ubao ghali kuliko wako watakuuliza maswali.

4. Kagua kwa mbwembwe. Kabla ya noti ya kwanza, tuma /ohangla/grid/led/all 1. Taa zote zitawaka kwa mpigo na watu watapiga kelele. Wao wameona maonyesho. Wewe umejua kwamba jina la kwendea kwenye ubao liko sawa. Zizime kwa 0, bonyeza kitufe kimoja, usikie kama programu inaitika. Ikiitika, jina la kurudi nalo liko sawa. Umekagua mitambo mbele ya umati na umeshangiliwa kwa kazi hiyo.

5. Jaza sauti za kwetu. Nyatiti ina nyuzi nane, ubao una safu mlalo nane. Kila safu upe uzi wake. Ukialikwa Kehancha, usipange upya: iritungu ya Wakuria nayo ina nyuzi nane.

Sauti hizo usizichomoe mtandaoni. Hapa sina mkato wa kukupa, na nisingekupa hata kama ningekuwa nao. Panda gari hadi Ndhiwa, keti na jathum, yaani mpiga nyatiti, rekodi uzi mmoja baada ya mwingine. Rekodi na mguu wake pia: ile pete ya chuma kidoleni, oduong'o, inayogonga ubavu wa nyatiti, na gara, njuga zinazolia kifundoni. Oduong'o iweke kwenye safu wima ya mwisho, isipokuwa kitufe chake cha chini kabisa, maana bila huo mgongo wa chuma utakuwa na nyuzi tu, muziki wenyewe, thum, hutakuwa nao. Mlipe mzee papo hapo, na kila ukipiga mtaje jina kwenye maikrofoni. Sifa utakazopata wewe zinatoka kwenye vidole vyake.

6. Tenga kitufe cha waheshimiwa. Kona ya chini kulia, 7 7, unaipata bila kuangalia. Kipange kinyamazishe kila kitu isipokuwa ngoma. Noti ya pakruok ikipungwa hewani, bonyeza. Ukichelewa utamfunika mtu aliyelipia sifa zake, na habari hiyo itafika Kendu Bay kabla yako.

7. Kebo itachomoka. Mchezaji mmoja ataikanyaga, hilo lihesabu mapema, kwa hiyo ibandike mezani kwa utepe. Ikichomoka hata hivyo, ichomeke tena. Serialosc hulikumbuka jina, ila programu huenda ikahitaji kuutafuta ubao upya. Mpe ishara mpiga orutu, ile fidla ya Kijaluo, aingie peke yake, tangaza kwamba huu ndio wakati wake, kisha inamia laptopu bila haraka. Akifika mzunguko wa pili utakuwa umerudi. Kama hujarudi, mwache aendelee, hakuna atakayelalamika.