Farasi wa Kona 28

Njia maarufu ya wasafiri wa shanta katika mkoa wa Yunnan, kusini-magharibi mwa China, huanzia Kunming, hupita Dali na Lijiang, huingia katika korongo la mto Jinsha na kuishia Shangri-La, mita 3,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima ya huko inatisha kuitazama, lakini wageni wengi huaibishwa na vitu vidogo zaidi: betri, uyoga, mawe ya barabarani na chai.

Kunming ina hali ya hewa tulivu karibu mwaka mzima, na mgeni hudhani ameanza vizuri mpaka anapofika kwa muuza tambi. China watu hulipa kwa simu. Muuzaji amebandika msimbo wa QR ukutani, mteja anauelekezea kamera, biashara imekwisha. Mkenya aliyezoea M-Pesa tangu 2007 hujiona mwalimu katika jambo hili, kumbe programu za huko zinataka kwanza kadi ya benki na pasipoti yake, na WhatsApp ambayo angeombea msaada haifunguki. Akitoa noti ya yuan 100, muuzaji anaanza kutembeza noti hiyo kwa majirani akitafuta chenji. Betri ikiisha, ndipo mkasa unapokolea. Pawabenki za kukodi zimejaa madukani, ila kuchukua moja ni lazima kuskani msimbo wake kwa simu, ile ile iliyozima.

Kando ya Ziwa Dian, karibu na mji huo, ndiko alikozaliwa Zheng He mwaka 1371, amiri ambaye merikebu zake zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, na mfalme akatoka mwenyewe kumpokea. Hakuna mgeni wa kutoka Malindi aliyewahi kuingia China kwa urahisi kama twiga yule.

Msimu wa mvua huleta uyoga wa porini, fahari ya Yunnan. Aina moja, jianshouqing, hugeuka buluu ikiguswa, na isipoiva sawasawa huweza kumfanya mlaji aone watu wadogo wadogo wakitembea mezani. Janet Yellen, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, aliula Beijing mwaka 2023 na hakuona mtu asiyekuwepo. Mikahawa ya Kunming huweka saa mezani, na mwenye njaa akigusa vijiti kabla haijalia, mhudumu humkemea kama mtoto aliyedokoa nyama jikoni.

Dali ina kuta, malango na ziwa zuri, na mgeni hupotea huko mara chache. Kinachompotosha ni saa. China nzima inafuata saa ya Beijing, ingawa Yunnan iko mbali magharibi, hivyo jua la Desemba huchomoza Dali karibu saa mbili asubuhi. Aliyezoea kwamba saa kumi na mbili kumepambazuka huamka kwa bidii, hubeba shanta, na kusimama gizani akimngoja dereva ambaye bado amelala.

Lijiang, mji wa kale wa Wanaxi ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, hauruhusu magari katikati yake. Masanduku ya magurudumu hupiga kelele juu ya mawe mpaka gurudumu moja linasalimu amri. Mwenye shanta huyapita akitabasamu. Tabasamu hilo halidumu. Vichochoro vinafanana, paa zinafanana, na kwenye ramani za kigeni barabara na picha ya setilaiti hupishana kwa mita mia kadhaa, hata mtu akaonekana amesimama juu ya paa la jirani. Dawa wanayo wenyeji: kuingia mjini fuata mkondo wa mifereji, kutoka uende kinyume chake.

Kisha korongo lenyewe, Hutiao, ambako Jinsha, sehemu ya juu ya mto Yangtze, umebanwa kati ya mlima Yulong wenye mita 5,596 na Haba wenye 5,396. Mtu wa Moshi atasema Kilimanjaro inaishinda yote miwili, na ni kweli. Lakini Kilimanjaro hakuna farasi anayekufuata.

Mwenye farasi huanza kumwandama mgeni chini kabisa, kabla ya Kona 28 za mpando mkali. Hasemi mengi. Njuga zinalia nyuma, naye anatembea taratibu kama mtu aliyekwisha piga hesabu zake. Kona ya tano mgeni anakataa kwa tabasamu. Ya kumi na tano anakataa bila tabasamu. Kufikia ya ishirini, shanta yenye suruali tatu za jinzi na kitabu kisichofunguliwa imepanda farasi, na bei imekubaliwa kwa vidole. Hapo pana mtego mwingine: Wachina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja, na kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja ni nane, wala si mbili.

Shangri-La iliitwa Zhongdian hadi 2001, ilipopewa jina la nchi ya kubuniwa katika riwaya ya James Hilton ya 1933. Hewa ni nyepesi, na maduka yanauza oksijeni ya makopo. Wageni husaidiana kuzungusha gurudumu kubwa la sala la Dukezong, mtaa wa kale wa mji huo, kisha hukaa chini wakihema na kuletewa chai. Mswahili huiona ina rangi ya maziwa, humeza kwa imani, na kukuta chumvi na siagi ya yaki.

Tangu Novemba 2023 kuna treni ya Lijiang hadi Shangri-La, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja. Mwenye magoti mabovu na aipande. Mwenye magoti mazima aende kwa miguu, aache jinzi nyumbani, na aulize bei ya farasi akiwa bado chini.