Sifa za Usahaulifu wa Uzeeni

Ujana umesifiwa, ndevu zimesifiwa, hata kitambi kimepata wa kukitetea. Usahaulifu wa wazee haujapata hata wakili mmoja. Nausimamia mimi. Sisemi ule wa maradhi, unaompoteza mtu mlangoni kwake; huo ni msiba, hauna mzaha. Nausifu huu mdogo wa kila siku: kidonge cha presha cha saa mbili usiku kinachokumbukwa saa nne, na maharage yanayoachwa jikoni mpaka mtaa mzima ujue kilichokuwa kinapikwa.

Kwanza, una adabu, hauchukui ovyo. Kikao cha kamati ya harusi, ambako mzee angepandishiwa mchango, kinampita salama, na watu wanasema kwa upole, "Babu kasahau." Kijana akikosa kikao hichohicho ni mkwepaji. Lakini acha elfu tano aliyokukopesha babu huyo tangu Ramadhani ijifanye haikuwepo: atakutajia na shati ulilovaa siku hiyo.

Tena una ugomvi na saa tu. Wanasaikolojia Gilles Einstein na Mark McDaniel waliwapa wazee na vijana kazi ya kubonyeza kitufe kila waonapo neno fulani. Katika utafiti wao wa mwaka 1990, wazee hawakuachwa nyuma. Mwaka 1995, wao na wenzao walipotaka kitufe kibonyezwe kila baada ya muda maalumu, hapo wazee walizidiwa. Neno linapojitokeza linakushtua lenyewe. Dakika hazina sauti, sharti akili yako ijiamshe na kutazama saa, na kazi hiyo ya kujiamsha ndiyo inayodhoofishwa na umri. Kwa hiyo bibi wa Pwani anayesema "nitakuja baada ya Alasiri" asichekwe na wenye ratiba. Ahadi yake kaifunga kwenye adhana, na adhana ina kipaza sauti.

Sifa kubwa zaidi ni kwamba usahaulifu huu unafundisha kazi. Aliyekwisha kuumbuliwa nao hajiamini tena: dawa anaiweka kando ya birika la chai, ujumbe anaufunga fundo kwenye pindo la khanga, stakabadhi ya umeme anaitundika mlangoni ili imgonge usoni. Peter Rendell na Fergus Craik, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwachezesha watu wiki ya kubuni juu ya ubao, kwa dadu, wazee wakashindwa. Wakawapa kazi za namna hiyo katika wiki yao halisi, majumbani kwao. Wazee wakawashinda vijana! Wataalamu bado wanabishania sababu: utaratibu wa maisha, vikumbusho, au uzito wanaoupa ahadi. Mimi nashuku fundo.

Basi kijana anayejisifia kumbukumbu anatembea bila silaha, maana hajawahi kuaibika vya kutosha.

Kasoro ya mteja wangu siifichi. Fundo halipotei, linalopotea ni lile jambo lililofungiwa. Bibi anakaa akilipapasa, anajua kabisa kwamba kuna jambo. Hapo huitwa mjukuu, ambaye asubuhi alikuwepo na aliambiwa. Mjukuu anafungua simu kutafuta, anakuta ujumbe wa rafiki, anacheka, anatoka nje kuujibu.