Kutoka karabai hadi LED: mambo saba ya taa ya kipe, tukihesabu kushuka

Kibirizi, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, pale zinapopakia boti za kwenda Mwamgongo, kila mwenye pikapu kuukuu ana maoni yake kuhusu taa. Huyu anataka balbu nyeupe za LED ili gari la zamani lionekane la juzi. Yule anaapa kwamba halojeni yake haijawahi kumwangusha. Wote wawili, njooni mketi na wavuvi wa Mwamgongo, jirani wa sokwe wa Gombe upande wa kaskazini. Wao wameshabadilisha taa, tena taa ambayo ikizimika hakuna mboga. Gari lao ni kipe: mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba, wavu wa kuinua chini yake, na taa zinazoning'inia juu ya maji kuwaita dagaa.

7. Pampu imestaafu

Karabai ni bibi mwenye heshima na masharti mengi. Umpampu, umzibue kwa sindano, umkinge na mvua, maana tone likigusa kioo cha moto kinapasuka. Kile kitambaa chake cheupe kikishaungua mara ya kwanza hubaki jivu tupu. Wimbi moja la ukorofi na kimebomoka. LED inataka swichi tu. Vijana wa kipe, kile kisingizio cha "nilikuwa nawasha taa" wakati wenzenu wanavuta wavu sasa kimekwisha!

6. Dumu limekuwa jepesi

Karabai ya kawaida hunywa kama lita moja ya mafuta ya taa kwa saa nane. Zidisha kwa idadi ya karabai kwenye kipe, kisha zidisha kwa usiku wote wa giza katika mwezi. Halafu ikumbuke bajeti ya 2011/12, ambapo kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuwabana waliokuwa wakichakachua dizeli. Aliyeumia ni mvuvi, mtu ambaye hajachakachua chochote maishani isipokuwa urefu wa samaki aina ya kuhe aliyemponyoka. Fedha hiyo ikibaki nyumbani ni daftari, ni sare, ni bati la paa. Kwa sababu hii peke yake ningeipigia LED makofi.

5. Weupe wenye siri ya buluu

Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Buluu na kijani husafiri mbali zaidi. Mwanga wa karabai una manjano na wekundu mwingi, na sehemu kubwa ya nishati yake huishia kuwa joto la kuwachoma vidole. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa manjano. Waliofanikisha LED hiyo ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Dagaa wa Tanganyika hawakualikwa kwenye sherehe, ingawa wao ndio wanaoufuata ugunduzi huo kila usiku bila kukosa.

4. Betri ndiyo nahodha

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo. Betri ya gari imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena palepale. Kuinyonya usiku kucha ni kuiua polepole. Mvuvi anahitaji betri ya kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, aina inayouzwa kwa ajili ya sola.

Hesabu yenyewe hii hapa. Taa za wati 40 kwa volti 12 huvuta ampea 3 na kitu. Saa kumi ni kama ampea-saa 33. Betri ya ampea-saa 70 itafika asubuhi ikiwa na zaidi kidogo ya nusu, na nusu ndiyo mpaka. Ukiuvuka kila usiku, utanunua nyingine mapema. Ukiongeza taa, ongeza betri. Anayetaka wati 100 kwa betri hiyohiyo atarudi ufukweni kabla ya jogoo, na jogoo atamcheka.

3. Mwelekeze mwanga

Mwenye pikapu, zamu yako. Kioo cha ndani ya taa yako ya zamani kilichongwa kufuata ule uzi mdogo wa halojeni, pale hasa ulipokaa. Ukipachika LED ambayo chanzo chake kimekaa pengine, mwanga hutawanyika: dereva wa mbele unampofusha na shimo la barabarani hulioni. Kabla ya kulaumu balbu, angalia kama kioo kimefifia, ethi imeshika kutu, na waya wa miaka mingi unakula volti njiani. Kuweka rilei na waya mpya mnene mara nyingi hurudisha uhai wa halojeni ileile.

Kwenye kipe ni vilevile: LED nyingi hutupa mwanga upande mmoja, wakati karabai huutupa pande zote. Elekeza chini. Aliye kwenye kipe cha jirani ana macho, na samaki wake hawako usoni mwake.

2. Ziba viungo

Unyevu huingia kwenye kiungo cha waya kama mgeni asiyebisha hodi. Lehemu, gundi, fyuzi karibu na betri. Basi.

1. Dagaa mwenyewe hasomi wati kwenye boksi

Taa inakusanya samaki, haizai samaki. Mbalamwezi ikitoka, LED yako ya gharama inapambana na taa ya Mungu, na inashindwa. Wenye vipe wakianza kushindana kwa ukali wa mwanga, wanagawana dagaa walewale kwa gharama kubwa zaidi. Na ziwa lenyewe limechoka: maji ya juu yamepata joto, yanachanganyika kwa shida na ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kinapungua. Naumia kulisema hili, kwa sababu dagaa hao wakianikwa mchangani ndio ada ya shule ya nyumba nyingi za ufuko huu.

Ndiyo maana naiunga mkono ile likizo ya ziwa, yaani kusimamisha uvuvi, kama ya 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ingawa miezi mitatu bila kipato ni mirefu na wavuvi wana haki ya kudai msaada. Dagaa huishi takriban mwaka mmoja tu, hivyo miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya umri. Likizo ikija, betri isilale tupu. Ichaji kila mwezi, angalia maji yake, safisha vichwa vyake. La sivyo, Agosti utakuwa na ziwa lililofunguliwa, wavu ulioshonwa vizuri, na betri iliyokufa mwezi wa sita.