Sina Swali, Nina Mchango

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumsikiliza mwandishi mmoja hapa Dar es Salaam. Kitabu chake nilikisoma chote, kurasa za mwisho kwa tochi ya simu, umeme ukiwa umekwenda zake. Swali langu nililiandika kwenye kikaratasi, nikakitia mfuko wa shati: Kwa nini mama katika riwaya hii hatajwi jina hata mara moja? Basi.

Mshereheshaji akatoa dakika 30 za maswali. Kipaza sauti kikaanzia mstari wa mbele, kwa mzee aliyevaa koti katika joto lile. Akakigonga mara tatu. "Itifaki imezingatiwa," akasema. Nikajua tumekwisha. "Mimi sina swali, nina mchango."

Mchango ukaanzia shule aliyosoma, ukapitia kwa mwalimu wake wa Kiswahili, ukatua kwenye muswada wake mwenyewe ulioko kabatini miaka 18. Mwandishi akawa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa wosia wa marehemu asiyemrithi.

Wa pili alikuwa na swali moja lenye vipengele vinne. Cha kwanza: kwa nini Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, anaandika kwa Kiingereza? Jamani! Anaulizwa mtu aliyejiandikia Kiswahili chake, utadhani ndiye aliyempeleka Gurnah Uingereza. Na kama uchungu wa lugha ni mkali kiasi hicho, riwaya ya Gurnah, Peponi, aliyoifasiri Ida Hadjivayanis kwa Kiswahili, ipo tangu 2022, si uisome? Vipengele vingine sikuvisikia. Nilikuwa nahesabu mapangaboi.

Kijana wa tatu akasema, "Vuta n'kuvute ya Adam Shafi imeshakuwa filamu. Hiki nacho lini? Maana wengine kusoma hatuna muda." Huyo angalau mkweli. Wa nne akaomba PDF. Mbele ya mwandishi! Mbele ya meza iliyojaa nakala za kuuza! Ukienda kwa mama lishe, unamwomba akutumie wali kwa WhatsApp?

Mie sidai makubwa. Soma kitabu, au njoo usikilize wenzako waliosoma. Swali liwe na alama ya kuuliza, na liishie hapo hapo kwenye alama. Ukishauliza, rudisha kipaza sauti, hukuozeshwa.

Mkono wangu ulikuwa juu muda wote, mpaka bega likafa ganzi. Mshereheshaji akaniona kabisa, akatabasamu, kisha akatangaza, "Muda si rafiki." Alisema hivyo akitutazama sisi tuliokaa kimya, kana kwamba sisi ndio tuliogombana na muda.

Nikajipa moyo: kuna foleni ya kusainiwa vitabu, nitamuuliza huko. Nikasimama dakika 40, kikaratasi kimelowa jasho. Nilipofika mezani, mwandishi akafungua nakala yangu, akainua kalamu, akaniuliza swali fupi kuliko yote ya siku ile:

"Niandike jina gani, kaka?"

Nikakohoa kidogo, nikaweka sawa kola ya shati.

"Kwanza kabisa, nakushukuru kwa swali zuri," nikamwambia. "Jina langu lina historia. Babu yangu mzaa baba, alipokuwa anafanya kazi reli…"

Nyuma yangu mtu akaguna. Nilipogeuka kumtazama kwa jicho kali, nikaona naye ameshika kikaratasi.