Bodi Mpya, Giza Lilelile

Jirani yetu wa Kihanga amenunua bodi ya kamera ya fulfremu, kihisi milimita 36 kwa 24, ili ampige picha chui wa Rumanyika-Karagwe magharibi ikiingia. Hela ya kahawa ya msimu mzima imeishia hapo. Lenzi? Kaazima ya f/6.3. Ukimwambia ya f/2.8 huingiza mwanga mara 5 ya hiyo, anakujibu kwa ISO: 51,200, kwa sauti ya mtu anayetaja mahari. Hifadhi yenyewe, iliyopandishwa hadhi 2019 sambamba na Ibanda-Kyerwa, iko wilayani humu humu, hajaikanyaga. Hadi sasa kampiga mbuzi mweusi wa mama mkwe, saa moja usiku: punje tupu. Anasema mbuzi alitikisika.